Meza ya Kifaransa katika Mji wa Saigon



Zamani msafiri wa pwani yetu alikuwa akijua mapema atakula nini huko aendako. Akienda Maskati, Jeddah au Bombay, alikuta jiko linalofanana na la kwao: wali, samaki, mchuzi wa nazi au wa masala, na mchinjaji anayemjua Mola wake. Siku hizi biashara imezichukua familia zetu mbali zaidi. Korosho za Mtwara na Lindi, kwa mfano, kwa sehemu kubwa husafirishwa zikiwa ghafi kwenda Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Zinapokwenda korosho, wenye korosho nao huzifuata, na mara nyingine huenda na wake zao na watoto wao. Na wafanyabiashara wa bara lile hawamalizi jambo lolote ofisini. Jambo humalizwa mezani.

Juma hili, in shaa Allah, tutazungumza juu ya meza moja ya namna hiyo, ambayo wengi wetu hatukuitazamia: meza ya mkahawa wa Kifaransa katika jiji la Ho Chi Minh, ambalo wenyeji wengi bado huliita kwa jina la zamani, Saigon. Tutatazama asili ya meza hiyo, kilichomo vyunguni, na namna mgeni anavyoweza kusema "hapana" bila ya kumvunjia heshima aliyemkaribisha.

Bistro ni nini?

Mikahawa ya namna hii huitwa bistro. Kwa asili ni mkahawa mdogo wa mtaani mjini Paris, wenye meza zilizosogeleana, vyakula vichache na bei ya wastani. Iko hadithi mashuhuri kwamba jina hili lilitoka vinywani mwa askari wa Kirusi walioingia Paris mwaka 1814, wakawa wanawahimiza wahudumu kwa neno la kwao lenye maana ya "haraka". Hadithi ni tamu, lakini wachunguzi wa lugha hawaikubali, kwa kuwa neno lenyewe halionekani katika maandishi ya Kifaransa mpaka miaka ya 1880. Lililo wazi zaidi ni kwamba wengi wa wenye mikahawa hiyo walikuwa wahamiaji kutoka mkoa wa Auvergne, waliofika Paris kuuza kuni, makaa na mvinyo. Mume aliuza mbele, mke akapika nyuma, na wateja wakala kilichopikwa siku hiyo.

Kwa hiyo vyakula vya bistro ni vyakula vya watu wa kawaida: nyama ngumu iliyochemshwa kwa saa nyingi mpaka ikalainika, jogoo mzee aliyelazwa katika mvinyo, supu ya vitunguu iliyofunikwa kwa mkate na jibini, maharage yaliyopikwa na nguruwe. Ni werevu wa mama mwenye fedha kidogo, kama ule wa mama zetu wanaogeuza kiporo cha jana kuwa chakula kipya. Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliuingiza mlo wa Wafaransa katika orodha ya urithi wa binadamu, na katika miji mikubwa ya Asia bistro imekuwa mahali pa kumkirimu mgeni wa heshima.

Ufaransa ilifikaje Saigon?

Majeshi ya Ufaransa yaliuteka mji wa Saigon mwaka 1859, na utawala wao katika nchi ile haukwisha ila baada ya kushindwa vitani mwaka 1954. Katika muda huo walijenga kanisa kubwa lililokamilika mwaka 1880, jumba la michezo lililofunguliwa mwaka 1900, na barabara zenye miti mirefu ya kivuli. Jikoni nako waliacha alama ambayo haikung'oka. Mvietnam wa leo husema cà phê kwa kahawa, bơ kwa siagi, phô mai kwa jibini. Yote ni maneno ya Kifaransa yaliyovikwa matamshi ya kwao. Sisi tunaosema meza kwa neno la Wareno, na chapati na kachumbari kwa maneno ya Wahindi, hatuna cha kushangaa. Anayekuja huacha neno, awe alikuja kwa heri au kwa shari.

Na shari ilikuwapo. Mwishoni mwa karne ya 19, chini ya gavana Paul Doumer, serikali ya kikoloni ilijitwalia haki ya peke yake ya kuuza chumvi, pombe na kasumba. Wanavijiji walikatazwa kujitengenezea pombe yao ya mchele, kisha wakashurutishwa kununua ile ya serikali, na fedha zikaingia katika hazina ya mtawala. Lango la kiwanda cha kasumba lingali limesimama katika barabara ya Hai Ba Trung, na katika ua wake leo mna mikahawa ambamo watu hula na kunywa. Mwislamu anayesikia kwamba pombe ni jambo la hiari ya mtu binafsi tu, na aikumbuke habari hii. Serikali iliyotaka kuwakamua watu wake ilijua ni chupa ipi ya kuwauzia.

Hatua chache kutoka hapo, katika mtaa wa Dong Du, upo msikiti uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu wa kusini mwa India waliokuja kufanya biashara wakati huo huo wa Wafaransa. Ua wake ni mtulivu, ilhali nje pikipiki zinapita kama maji ya mto. Pembeni mwake hupatikana vyakula vya halali, na humo utawakuta Wamalaysia, Waindonesia, Wahindi na Wacham, ambao ni Waislamu wenyeji wa nchi ile. Msafiri wa kwetu aanze na anwani hiyo kabla ya nyingine yoyote.

Jioni ya supu ya vitunguu

Mwandishi wa safu hii alikwenda Saigon pamoja na mumewe, aliyekuwa na shughuli ya korosho, na binti yetu wa miaka tisa. Mnunuzi aliyetukaribisha aliambiwa siku mbili kabla: hatuli nguruwe, hatunywi pombe, na tungependa pombe isiwekwe mezani petu. Alijibu kwa furaha kwamba hakuna tabu. Tuliswali Maghrib mtaa wa Dong Du, kisha tukatembea kwa miguu.

Palikuwa mahali pazuri. Sakafu ya vigae vya maua, viti vya henzirani, vioo virefu ukutani, na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki vyakula vya siku hiyo. Mwenyeji wetu alikuwa amemleta mama yake mzazi, bibi mkongwe mwenye macho makali, ambaye mwanawe alimwinamia kila alipomsemesha. Bilauri za mvinyo zilikuwa zimeondolewa. Mbele ya kila mmoja palikuwa na maji ya ndimu. Tulimshukuru.

Kisha ikaletwa supu ya vitunguu, moto, ikinukia, jibini limetanda juu yake. Mwenyeji akasema kwamba amekwisha kutuagizia na chakula kikuu: nyama ya ng'ombe ya mtindo wa Bourgogne, chakula anachokipenda kuliko vyote. "Hakuna nguruwe," akasema, akitabasamu.

Nilimtazama mume wangu. Chakula hicho hupikwa kwa chupa nzima ya mvinyo mwekundu, na kwa kawaida hukaangiwa vipande vya nguruwe mwanzoni. Binti yetu alikuwa ameshika kijiko. Makubaliano ya makontena yalikuwa hayajatiwa saini.

Mume wangu akamwambia mtoto kwa sauti ya chini, "Subiri kidogo, mama." Kisha akamwita mhudumu na kuuliza kwa upole: ndani ya supu hii mna nini? Mhudumu hakujua, akaenda jikoni. Akaja mpishi mwenyewe, kijana wa Kivietnam, akasema kweli bila ya kuzunguka: supu ina mvinyo mweupe, na nyama imelazwa katika mvinyo tangu jana. Nguruwe ameiacha, kama alivyoagizwa. Mvinyo hakuambiwa, kwa sababu, alisema, ukichemka pombe huondoka.

Uso wa mwenyeji wetu ulibadilika. Katika nchi ile, kama kwetu, mtu aliyekukaribisha akakupa usichoweza kula hujiona amevuliwa nguo mbele za watu. Pakawa kimya. Bibi akamwuliza mwanawe kuna nini, naye akamweleza. Yule bibi akacheka, akasema maneno marefu, na mwanawe akatutafsiria akiwa bado ameona haya. Mama yake ni Mbudha. Kila tarehe mosi na tarehe 15 ya mwezi wa kuandama hali nyama. Na kila siku hizo akienda mkahawani huambiwa, "Kula tu, bibi, hakuna nyama humu, ni mchuzi wake tu." Akasema: "Mchuzi wake ndiyo nyama yenyewe."

Mezani pote tulicheka. Mpishi akaombwa achome samaki kwa mafuta ya mboga na ndimu, katika kikaango kilichooshwa, achemshe viazi, na alete saladi isiyotiwa kitu. Haikupita nusu saa tukala, na bibi akamchagulia binti yetu minofu isiyo na miiba kwa mkono wake mwenyewe. Mwishoni ukaja utamu wa mayai, maziwa na sukari iliyoungua, ambao Wavietnam wameurithi kwa Wafaransa. Mpishi alitutajia kila kilichomo kabla hatujauliza.

Ama makontena, karatasi zilitiwa saini wiki ile ile kwa bei ile ile iliyokwisha kujadiliwa. Samaki hakuongeza kitu wala hakupunguza.

Je, pombe huondoka ikichemka?

Hoja ya yule mpishi si ya kupuuzwa, kwa sababu utaisikia kila mahali, hata kwa Waislamu wenzetu. Watu huamini kwamba mvinyo ukitiwa motoni pombe hutoweka na hubaki ladha tu. Vipimo vinasema vingine. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linaonyesha kwamba chakula kilichotiwa pombe kisha kikawashwa moto wa kurukaruka mbele ya mteja, hubakiwa na asilimia 75 ya pombe yake. Kilichochemshwa dakika 15 hubakiwa na asilimia 40. Kilichochemshwa saa moja, asilimia 25. Na hata baada ya saa mbili na nusu, asilimia 5 haijaondoka. Kwa hiyo hata kabla hatujafika katika hukumu ya sheria, dai lenyewe si kweli. Na katika sheria, aliyeharimishiwa kitu hakuruhusiwa kukitia kwa makusudi katika chungu ili kukiungia ladha.

Kwa faida ya wasafiri, nitaje vyakula vinavyokutana na mtu zaidi katika bistro. Coq au vin ni jogoo wa mvinyo, na jina lenyewe linasema. Kome hupikwa kwa mvinyo mweupe mara nyingi. Quiche Lorraine huwa na vipande vya nguruwe, na croque-monsieur ni mkate wenye paja la nguruwe. Cassoulet ni maharage na nguruwe, hata kama juu yake ameonekana bata. Nyama ya ng'ombe ya kuchoma haina mvinyo, lakini bado lipo swali la mchinjaji, na tena mchuzi wake huweza kutiwa pombe. Viazi vya kukaanga vyaweza kuwa vimekaangwa kwa mafuta ya mnyama, au katika karai moja na vitu vingine. Haradali ya Dijon kwa kawaida huwa na mvinyo mweupe. Vitamutamu vya kutikisika huweza kuwa na jelatini ya nguruwe.

Yaliyo mepesi ni samaki wa kuchoma, mayai, ratatouille, ambayo ni mboga za bilinganya, nyanya na pilipili kubwa, saladi ya samaki jodari kwa ndimu na mafuta ya zeituni, mkate na matunda. Hata hayo, uliza. Juu ya siki na jibini wanavyuoni wana maelezo yao marefu. Mwulize sheikh wako kabla ya kupanda ndege, usimwulize mhudumu.

Kahawa baada ya chakula

Tulipomaliza ililetwa kahawa ya Kivietnam, nzito, ikidondoka tone kwa tone kutoka katika kichujio kidogo cha bati juu ya maziwa mazito ya kopo. Vietnam leo ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, baada ya Brazil, nayo iliupata mmea huo kwa Wafaransa katika karne ya 19.

Lakini Wafaransa nao waliipata wapi? Masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa katika karne ya 15 ili wakeshe katika ibada. Mwaka 1669 alifika Ufaransa Suleiman Aga, mjumbe wa Sultani wa Uturuki kwa mfalme Louis wa 14, akawakirimu wakubwa wa Paris kwa kahawa, na tangu hapo ikawa mtindo wa mji. Qahwa ya Kiarabu ikawa café ya Kifaransa, ikawa cà phê ya Kivietnam, na kwetu ikawa kahawa ya kibarazani. Binti yetu alipoelezwa hayo aliuliza, "Kumbe na sisi tuna kitu hapa mezani?" Ndiyo, mwanangu. Tunacho, na tena ni halali.

Mafunzo kwa familia

Ndugu msomaji, tuliyoyapata katika meza ile tunayafupisha hivi.

Kwanza, mweleze mwenyeji mapema, na umweleze kikamilifu. Kusema "sili nguruwe" hakutoshi. Sema pia kwamba hutumii mvinyo hata ukiwa umepikwa ndani ya chakula, na taja unachoweza kula, ili asibaki na orodha ya makatazo tu. Mtu aliyetaka kukukirimu anahitaji mlango wa kupitia.

Pili, taja na suala la chupa mezani. Wapo wanaoona ni aibu kulisema, na hali wanavyuoni wametuonya, kwa kutegemea hadithi za Mtume (s.a.w.), juu ya kuketi katika meza inayonywewa pombe. Likisemwa siku mbili kabla kwa maneno mazuri, ni taarifa. Likisemwa chupa ikiwa imekwisha kufunguliwa, huwa ni lawama.

Tatu, uliza kwa upole na uyapokee majibu kwa shukrani. Yule mpishi angeweza kusema uongo, na tungekula. Alisema kweli kwa gharama ya vyungu viwili. Mtu wa namna hiyo hastahili kukunjiwa uso.

Nne, usidhani kwamba wewe peke yako una mipaka. Bibi wa Kibudha alitufahamu kuliko mwanawe msomi, kwa sababu naye kwa miaka mingi amekuwa akiombwa "ale tu". Watu wenye miiko huheshimiana haraka kuliko inavyodhaniwa.

Tano, na hili ni la wazazi. Mtoto hujifunza dini yake zaidi pale inapotugharimu kitu. Darasani ataambiwa mara mia kwamba riziki hutoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini akimwona baba yake anaweka kijiko chini mbele ya mtu mwenye fedha zake, na sauti yake haikupanda wala haikutetemeka, hahitaji somo la pili. Na kinyume chake ni kweli vile vile: mtoto akiona kwamba halali yetu ni ya nyumbani tu, na safarini tunaikunja na kuiweka sandukuni, ataikunja naye siku atakapokuwa peke yake katika mji wa mbali, kwa ajili ya masomo au kazi.

Wala haya yasifahamike kuwa ni wito wa kujifungia hotelini na kula biskuti tulizotoka nazo Dar es Salaam. Kusafiri kuna baraka, na kula na watu ni mlango wa kujuana nao. Keti mezani, sifu kinachostahili kusifiwa, uliza, na ule kilicho kizuri. Kama samaki amechomwa vizuri, mwambie mpishi.

Tunamwomba Allah awape wasafiri wetu riziki ya halali na wenyeji wenye masikio. Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.